Panya akipona, je, mtu naye atapona?

Wakristu hutuuliza mara nyingi: « Padri, tumesikia kama wenye elimu waliponyesha panya kwa manjano. Sisi nasi tuache dawa za hospitali? » Yafaa tujue namna ya kuwajibu.

Ndani ya manjano, mzizi ule wa jamii ya tangawizi, mna kitu kiitwacho kurkumina. Vogel na Pelletier walikitenga mwaka 1815.

Uchunguzi huendaje? Panya hunyweshwa kwa siku chache maji yenye dekstrani iliyotiwa salfa. Sumu hiyo huharibu ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa: panya huhara damu, hukonda, na utumbo wao hufupika. Lakini hugawanywa kwanza: kundi moja hupata maji matupu, la pili sumu, la tatu sumu pamoja na dawa. Kwa nini kundi la pili linyimwe dawa? Kwa sababu sumu ikiondolewa, panya huanza kupona wenyewe. Asiye na wa kulinganisha naye atasifu dawa bure. Tena apimaye utumbo asijue ni wa kundi gani, tamaa yake isije ikamdanganya macho.

Mwaka 2002 ilitangazwa kama panya waliolishwa kurkumina, kisha wakapewa sumu nyingine ya utumbo, waliumia kidogo kuliko wenzao. Ndipo watu wakajaribiwa. Huko Japani, mwaka 2006, wagonjwa wa vidonda vya utumbo mkubwa waliokwisha kutulia walifuatwa miezi sita. Kati ya 43 waliopewa kurkumina, ugonjwa uliwarudia 2. Kati ya 39 waliopewa dawa ya bure, uliwarudia 8. Angalieni: wote waliendelea na dawa za munganga.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, panya anafungua njia tu, hatoi hukumu. Pili, kuhara damu kwetu mara nyingi kwatoka kwa amiba au vijidudu vingine; panya wale waliugua kwa sumu. Mtoto aharaye damu apelekwe hospitali upesi. Tatu, Katekisimu (namba 2417 na 2418) yaruhusu kujaribu dawa kwa wanyama kwa kiasi, ikisaidia kuponya watu, lakini yakataza kuwatesa bure.

Sira, sura ya 38, atufundisha kama Mungu ameumba dawa katika udongo, tena atuagiza tumpe munganga nafasi yake. Mwenye kushika moja na kuacha la pili hakusoma sura nzima.