Ukimwita Mbwa, Nani Ataitika?

Mazungumzo yetu ya juma hili yanatokana na barua ya mama mmoja wa Same, ambaye ameomba nisimtaje jina. Binti yake wa darasa la sita hucheza gemu moja ya kwenye simu, ile ambayo mchezaji hupewa mnyama wa kufuga. Humlisha, humwogesha, humlaza, na hukutana humo na wachezaji wa nchi nyingine wenye wanyama wao. Binti alipewa paka, akamwita Semeni. Mara simu ikaandika kwa Kiingereza kwamba jina hilo ni tusi, na kwamba akirudia atafungiwa asicheze tena. Baba akalisoma onyo, akainyang'anya simu na kuanza kutafuta fimbo. Bibi wa mtoto, ambaye ndiye Semeni mwenyewe, naye akauliza kwa uchungu: "Yaani mimi leo nimekuwa paka?"

Mama anataka kujua, mtoto amekosa nini?

Mtoto hakutukana. Ila ameshtakiwa mara mbili kwa jina moja, na mashtaka hayo hayafanani. La kwanza limeletwa na mashine, la pili limeletwa na nyumba. Tuyachambue moja baada ya jingine.

Tuanze na mashine. Gemu za namna hii huchezwa na watu wengi mno, na wenye gemu hawawezi kuajiri watu wa kusoma kila jina. Kwa hiyo huipa kompyuta orodha ya maneno machafu, aghalabu ya Kiingereza, ili ilinganishe. Njia ya kulinganisha ni mbili. Ya kwanza ni kutazama neno zima, kama ndilo au silo. Njia hii hudanganyika upesi, maana mtukanaji huongeza herufi moja au tarakimu mwishoni mwa tusi lake, akapita. Ya pili ni kulitafuta tusi popote ndani ya jina: mwanzoni, katikati au mwishoni. Njia hii ni kama wavu wa matundu madogo; huvua papa, na huvua dagaa wasio na hatia.

Semeni amevuliwa na wavu huo. Herufi tano za mwanzo za jina lake ni neno la Kiingereza la mbegu za kiume. Kompyuta haijui kwamba kwetu Semeni ni jina la heshima, wala kwamba maana yake ni kuwaambia watu waseme watakavyo, mwenye jina hatishiki.

Wala si yeye peke yake. Hassani ana herufi tatu katikati ambazo kwa Kiingereza cha mitaani ni makalio. Bibi Titi Mohamed, mama yetu wa kupigania uhuru, naye angekwama mlangoni kwa herufi zake tatu za mwanzo. Mtoto akimwita paka wake Analala, kwa kuwa paka huyo hana kazi nyingine, herufi nne za mwanzo zitaonekana kuwa mambo ya chooni. Hata fagio, chombo cha usafi, limebeba ndani yake herufi tatu ambazo Wamarekani huzitumia kuwadhalilisha mashoga.

Mkasa huu ni wa zamani. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma huko Uingereza, walikataliwa kujiandikisha na kampuni ya America Online, kwa kuwa katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zilizo tusi zito. Tangu hapo, tatizo hili huitwa kwa jina la mji huo. Baadaye yaliwapata hata watengenezaji wa gemu. Katika gemu za Pokémon zilizotoka Japani mwaka 2010, na nchi nyingine mwaka 2011, kulikuwa na kiumbe aitwaye Cofagrigus. Jina wamelitunga wenyewe, lakini mashine yao ikazuia kiumbe huyo asibadilishwe kwenye mtandao mpaka mwenyewe ampe jina jingine. Zilikuwa herufi zile zile tatu za fagio letu.

Sasa geuza upande wa pili. Wavu unaomkamata Semeni unaweza kuyaachia matusi ya Kiswahili yapite kifua mbele, ikiwa mwenye gemu hakuwa na Mswahili wa kumwandikia orodha. Na yako majina yanayopita kihalali, lakini yakifika kwetu tunaruka. Mturuki akiwa na ndege wa buluu anaweza kumwita Mavi, maana kwa lugha yake hiyo ndiyo rangi ya buluu. Wajapani nao wana neno lao la dubu ambalo siwezi kulitamka redioni, saa hizi watoto wakiwa macho. Mtoto wa Same akikutana na dubu huyo kwenye gemu atadhani mwenzake ni mhuni, kumbe ni mtoto wa Tokyo mwenye adabu zake. Makampuni makubwa yenyewe hujikuta hapo. Gari la Pajero, ambalo hapa nchini lilikuwa alama ya ukubwa, katika nchi nyingi za Kispanyola liliuzwa kwa jina la Montero, kwa sababu huko neno pajero ni tusi la aibu.

Hilo ni shtaka la mashine. Shtaka la nyumba lina mizizi mirefu zaidi.

Kwetu sisi, jina la kitu ni njia ya kusema na mtu. Mwanamke huchagua kanga kwa maneno yake, akapita nayo mlangoni kwa mwenzake bila kufungua kinywa. Mbwa naye hutumika vivyo hivyo. Nimesikia mbwa wakiitwa Watasema, Sijali, na hata Wivu. Tuseme huko milimani Upareni majirani wawili wamegombana juu ya zamu ya maji ya ndiva, mmoja akidai mwenzake amezidisha saa zake. Kesho yake yule aliyepunjwa anapata mbwa, anamwita Hashibi. Kila jioni anasimama ukingoni mwa mfereji na kupaza sauti: "Hashibi! Hashibi, njoo!" Anayeitwa ni mbwa, lakini jirani ndiye anayeitika moyoni. Akiulizwa, mwenye mbwa atasema mbwa wake ni mlafi tu. Inawezekana ni kweli, na inawezekana si kweli. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inakataza lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, na hapo wazee hawatatazama jina peke yake. Watauliza limeitwa wapi, saa ngapi, na kati ya wawili hao kulikuwa na nini.

Ndiyo maana bibi aliumia. Jina la mtu kumpa mnyama ni jambo zito, na likiwa la mbwa ni zito zaidi, hasa kwa Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Lakini mtoto alitaka kumkumbuka bibi yake kila anapofungua simu. Alilolifanya kwa mapenzi likasikika kama dharau. Jambo kama hilo lilimfikisha mwalimu Mwingereza, Gillian Gibbons, jela ya Khartoum mwezi Novemba 2007. Wanafunzi wake wadogo walipiga kura wenyewe kumpa mwanasesere wa dubu jina la Muhammad, ambalo ni jina la wavulana wengi wa huko. Wengine wakasikia kwamba Mtume ametukanwa. Alihukumiwa siku 15, akasamehewa na Rais wa Sudan mapema mwezi Desemba na kurudi kwao.

Hapo ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu na utani wetu. Mpare na Mchagga ni watani. Mchagga akimwambia Mpare kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, wote wawili watacheka, na Mpare atarudisha lake juu ya Mchagga na pesa. Utani huo una sura, una sauti, na una udugu wa kuzikana. Lakini kijana akimwita nguruwe wake wa kwenye gemu kwa jina la kabila la mtani wake, jina hilo huenda bila sauti wala uso. Anayelisoma yuko Mombasa au Muscat, hajui utani, anaona kabila limeitwa nguruwe. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtusi mtu kwa kompyuta kwa sababu ya rangi, kabila au dini yake. Nisingependa kijana wa Same aende kujieleza mbele ya afisa kwa jambo ambalo sokoni lingekuwa kicheko.

Basi nawashauri hivi. Kwanza, jina la mnyama wa gemu litamkwe kwa sauti mbele ya mtu mzima kabla ya kuandikwa. Masikio hukamata mengi ambayo macho huyapitia. Pili, lisiwe la mtu aliye hai bila ruhusa yake, wala la kabila, wala la dini. Tatu, mashine ikilikataa jina, soma herufi zake kwa Kiingereza kipande kwa kipande, utaona liliponaswa. Gemu nyingi zina mahali pa kuwaandikia wenyewe. Waandikie kwa upole kwamba hilo ni jina la Kiswahili na maana yake ni hii. Msipowaandikia, orodha yao haitajua kamwe kwamba tupo.

La nne ni la baba wa Same na wazazi wote. Onyo la mashine si ushahidi. Mashine imesoma herufi, haikumsoma mtoto. Kabla ya fimbo, muulize: "Ulikuwa unamaanisha nini?" Jibu lake utalipima mwenyewe, maana unamjua tangu hajajua kusema. Na bibi aombwe radhi kwa jina lake kutumiwa bila kuulizwa, kisha aulizwe yeye paka aitwe nani. Wazee wa Upareni hawakosi majina.

Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.