Bunduki za Msituni, Risasi za Kiwandani

Silaha zilitengenezwa katika nchi ya Nyeri muda mrefu kabla ya kuwepo kwa mji wa Nyeri. Gatung'ang'a, kule Mathira, ni mahali palipochimbuliwa na mwanaakiolojia Ari Siiriäinen, ambaye makala yake ya 1971 ilionyesha kwamba watu wa zama za chuma walikaa kwenye miteremko hiyo karne nyingi kabla ya mkoloni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ufundi wa chuma ulikuwa bado hai. William na Katherine Routledge, waliokaa miongoni mwa Wagikuyu na kuchapisha kitabu chao mwaka 1910, waliandika jinsi mchanga mweusi wenye madini ya chuma ulivyookotwa mitoni na kuoshwa, kisha ukayeyushwa kwa makaa katika tanuri la udongo huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza bila kupumzika. Chuma kilichopatikana kilikwenda kwa mhunzi, akakifua kuwa jembe, simi au mkuki.

Mhunzi alikuwa mtu wa kuheshimiwa na wa kuogopwa. Ufundi ulirithiwa ndani ya familia, na laana ya mhunzi ilihesabiwa kuwa miongoni mwa laana kali kuliko zote. Uyeyushaji wenyewe haukudumu. Waya na vyuma chakavu vya kigeni vilipoanza kuuzwa sokoni, hakukuwa tena na sababu ya kuosha mchanga siku nzima. Kufua chuma, hata hivyo, kuliendelea, na jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa miaka hamsini baadaye.

Ngome ya Waingereza ilijengwa Nyeri mwaka 1902, baada ya Richard Meinertzhagen na askari wake kuwashambulia watu wa Tetu. Mikuki ya wahunzi ilikutana na bunduki, na matokeo yanajulikana. Tangu hapo serikali ya kikoloni ilihakikisha bunduki haiingii mikononi mwa Mwafrika, isipokuwa awe amevaa sare. Ni sare hiyo iliyofungua mlango. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya vijana wa Kenya waliandikishwa, baadhi katika kikosi cha King's African Rifles kilichopigana Burma, wengine katika kazi za udereva, ufundi na ujenzi. Mmoja wa waliofika Burma alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Waliorudi walijua bunduki inavyofunguliwa, inavyosafishwa na inavyofungwa tena.

Nanyuki ya wakati huohuo iliona ubunifu wa aina nyingine. Mwaka 1943 mfungwa wa vita wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, na wenzake wawili walitoroka kambi yao ili tu wapande Mlima Kenya, wakiwa na sururu za barafu zilizofuliwa kutokana na nyundo na meno ya kukanyagia barafu yaliyokatwa kwenye vyuma chakavu. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi wenyewe kambini. Kisa hicho hakihusiani na vita vilivyofuata, ila kinaonyesha kiasi cha vyuma vya kazi vilivyotapakaa katika miji ya mlima baada ya jeshi kupiga kambi huko.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana walioingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, kwa jina lao wenyewe Jeshi la Ardhi na Uhuru, hawakuwa na nchi jirani ya kuwapelekea silaha wala pwani ya kupokelea meli. Katika hilo walitofautiana na karibu kila jeshi la ukombozi lililofuata barani Afrika. Walikuwa na panga, mikuki na bunduki chache za wizi. Uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha, Machi 1953, uliwapatia bunduki za kweli kwa mkupuo mmoja, lakini ushindi wa namna hiyo haukurudiwa mara nyingi. Zilizosalia zilibidi zitengenezwe.

Mafundi walitoka Nairobi, karakana za mashamba ya walowezi na vijiji vya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti wa msituni. Komeo la mlango lilifanya kazi ya kupiga risasi, likivutwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Bunduki ya namna hii ilifyatua risasi moja, kisha ikafunguliwa na kujazwa upya. Nyingine zilichongwa kwa uangalifu mkubwa hata kwa mbali zikafanana na za kiwandani, na hilo lilikuwa sehemu ya kazi yake: homugadi, yaani mlinzi wa kijiji upande wa serikali, aliyeona mtutu kichakani hakuwa na muda wa kuuliza umetoka wapi. Baadhi yake leo zimo katika majumba ya makumbusho ya kijeshi mjini London, zilikopelekwa na askari kama kumbukumbu za vita.

Kasoro zake zilikuwa nyingi. Mtutu wa kiwandani huchimbwa michirizi ya mzunguko inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, ilhali bomba la maji ni laini ndani, na upana wake haukulingana na risasi. Gesi ilivuja pembeni, risasi ikayumba, shabaha ikapotea baada ya hatua chache. Tena bomba la maji limetengenezwa kustahimili nguvu ya maji tu. Risasi ya .303, iliyokuwa ya kawaida katika majeshi ya Uingereza, huzalisha ndani ya mtutu shinikizo linalozidi mara 2,500 lile la hewa ya kawaida. Mabomba yalipasuka, na waliopoteza vidole au macho hawakuwa wachache. Kwa hiyo wapiganaji wenye busara waliitumia bunduki ya msituni kama daraja: iwaue walinzi wawili watatu kwa karibu, ipatikane bunduki ya kweli, kisha ile ya bomba apewe mgeni.

Hata hivyo, anayeitazama bunduki peke yake huikosa nusu ya hadithi iliyo nzito zaidi. Msitu uliweza kutengeneza bunduki. Haukuweza kutengeneza risasi.

Sababu yake iko katika ganda. Risasi ya kisasa ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linaloshikilia vyote. Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa kawaida shaba asilimia 70. Kisahani cha madini hayo husukumwa na mashine hatua kwa hatua hadi kiwe kikombe, kisha bomba jembamba, na kati ya hatua hizo hupashwa moto ili kisipasuke. Ganda likiwa sawasawa, baruti inapowaka hutanuka na kuziba mtutu kabisa, halafu hunywea kidogo ili litolewe kwa urahisi. Likizidi unene kidogo halitoki, na likipungua gesi humrudia mpigaji usoni. Baruti isiyotoa moshi nayo ni kazi ya asidi na kiwanda cha kemikali, na dawa ya fataki ni hatari hata kwa waliosomea kazi hiyo. Hapo mhunzi, hata awe hodari kiasi gani, hana pa kuanzia.

Ndiyo maana risasi ikawa sarafu ya vita vile. Iliibwa, ilinunuliwa kutoka kwa askari wasio waaminifu, ikabebwa na wanawake ndani ya vikapu na mizigo ya chakula kutoka Nairobi na kambi za jeshi hadi ukingo wa msitu. Serikali ililielewa hilo mapema. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na silaha au risasi bila kibali kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, na katika vita hivyo Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa makosa mbalimbali. Itote alipokamatwa Mathira, Januari 1954, akiwa amejeruhiwa, mashtaka aliyosomewa Nyeri yalijumuisha lile la kupatikana na risasi. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa.

Operesheni ya Anvil, iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, iliwakamata makumi ya maelfu ya watu na kukata njia kuu ya risasi, dawa na vyuma. Vijijini zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwenye vijiji vya kulazimishwa vilivyolindwa, na handaki la maili 50 likachimbwa kwa kazi ya shuruti kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Hatua hizo ziliufunga mlango wa karakana za msituni kuliko shambulio lolote la bunduki.

Juu ya miti kulikuwa na vita vingine. Uwanja mdogo wa Mweiga, kaskazini mwa mji wa Nyeri, ulikuwa kituo cha ndege za mafunzo aina ya Harvard za jeshi la anga la Uingereza, zilizofungwa bunduki ya rashasha na mabomu ya takriban kilo 9 kila moja. Ndege ndogo za polisi wa akiba ziliruka kutoka hapohapo, zikipeleka chakula kwa askari, zikitafuta moshi wa kambi na kuwaelekeza marubani wa Harvard mahali pa kupiga. Baadaye zilikuja ndege kubwa aina ya Lincoln kutoka Eastleigh, zikibeba mabomu ya ratili 500 na 1,000. Faida yake ilibishaniwa hata miongoni mwa makamanda: bomu linaloangukia msitu mnene wa mianzi huchimba shimo na kutimua wanyama, lakini mara chache humpata mtu. Jambo moja linastahili kuangaliwa. Rashasha ya Harvard ilitumia risasi ileile ya .303 ambayo wanawake wa Nyeri waliibeba moja moja kwa hatari ya maisha yao, na ilizimwaga zaidi ya 1,000 kwa dakika.

Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipigwa risasi na kukamatwa karibu na nyumbani kwao Tetu. Alihukumiwa katika mahakama ya Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola na risasi sita, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Bastola hiyo haikuwa kazi ya msituni, ilikuwa ya kiwanda cha Uingereza.

Kenya huru ilirithi jeshi lililonunua kila kitu nje. Jeshi la anga lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964 likiwa na ndege ndogo za usafiri na mafunzo. Katika muongo uliofuata Nanyuki ikawa kituo chake cha ndege za kivita, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zikafika F-5 za Marekani. Kituo hicho, ambacho leo kinaitwa Laikipia, kiliingia historia kwa njia isiyotarajiwa tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi walioasi waliwalazimisha marubani kuruka kuelekea Nairobi wakiwa na mabomu, na marubani wakayaangusha kwenye misitu ya mlima badala ya mji. Jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na jina la zamani likarudi mwaka 1994.

Serikali ilipoamua hatimaye kujenga kiwanda cha silaha, haikuanza na bunduki. Ilianza na risasi. Kiwanda kilijengwa Eldoret kwa utaalamu wa kampuni ya Ubelgiji ya FN Herstal, na mwaka 1997 kikawekwa chini ya shirika la umma, Kenya Ordnance Factories Corporation, chini ya wizara ya ulinzi. Ujenzi wake ulifanywa kimyakimya, na habari zilipofika magazetini miaka ya 1990 zilizua maswali: watetezi wa haki za binadamu waliogopa kwamba risasi za Eldoret zingeishia katika vita vya Maziwa Makuu. Hoja ya serikali ilikuwa rahisi kueleweka. Bunduki moja hudumu miongo kadhaa, bali risasi huisha kila siku ya mazoezi, na nchi inayozinunua nje huweza kunyimwa siku inapozihitaji zaidi. Kwa muda kiwanda kiliongeza pia vipuri na bidhaa za matumizi ya kiraia, kwa kuwa mashine zinazokunja shaba kwa usahihi huo hazipaswi kulala zinapokosa oda za jeshi.

Bunduki zilifuata baadaye sana. Tarehe 8 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Ruiru, kwenye barabara ya Nairobi kuelekea Nyeri, kiwanda cha bunduki kilichogharimu takriban shilingi bilioni 4, chenye uwezo uliotangazwa wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Mpangilio huu, risasi kwanza na bunduki robo karne baadaye, ni kinyume kabisa cha ule wa msituni, na kiufundi ndio ulio sahihi.

Ndege ni suala jingine. Kiwanda cha ndege za kivita huhitaji aloi maalumu, injini, vifaa vya elektroniki na soko kubwa kuliko jeshi la Kenya linavyoweza kuwa peke yake. Kazi inayofanyika Laikipia ni ya mafundi wanaozihudumia ndege zilizonunuliwa nje, kuzikagua na kubadilisha sehemu zilizochakaa kwa ratiba ya saa za kuruka. Elimu ya uhandisi nayo imesogea karibu na mlima: taasisi ya ufundi iliyoanzishwa Nyeri mwaka 1972 kwa jina la Kimathi ilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2012, na ndani ya uwanja wake kuna kampuni inayojishughulisha na vifaa vidogo vya elektroniki aina ya semikondakta. Vifaa vya aina hiyo ndivyo vinavyoendesha rada, simu na mitambo ya ndege kwa pamoja.