Wachezaji 25 kwenye orodha, lakini wangapi uwanjani? Namna ya kujua kama ekipe itamaliza sezoni

Kila sezoni inapokaribia, mabishano ya mpira Uvira ni yale yale, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu: ekipe iko na watu wa kutosha, ama itaishiwa nguvu katikati ya njia? Komite inaonyesha orodha ndefu, mashabiki wanahesabu majina, na kila mtu anarudi nyumbani na tumaini. Miezi inapita. Mabeki wawili wanaumia, mshambuliaji anapata ekipe ngʼambo ya ziwa, na kocha anageuka kuangalia banki bila kujua amwinue nani.

Shida ni kwamba orodha ndefu na kikosi kipana si kitu kimoja. Ekipe inaweza kuwa na wachezaji 30 wenye lisansi na bado ikawa na kikosi chembamba. Nyingine iko na 20 tu, na inafika mwisho ikisimama. Mifano ya kueleza jambo hilo haiko mbali: iko Lubumbashi, Kinshasa, Kindu na Dar es Salaam.

Hesabu nafasi, usihesabu majina

Uwanjani kuna nafasi 11. Ukiweka watu wawili kwa kila nafasi, unapata 22. Ongeza kipa wa tatu, wanakuwa 23. Ndiyo idadi ambayo FIFA iliruhusu kwa kila nchi kwenye Kombe la Dunia tangu 2002 mpaka 2018, kabla ya kuipandisha mpaka 26 kule Qatar mwaka 2022. Na ile ni michuano ya mwezi mmoja. Ligi inachukua miezi mingi, na mvua, na safari.

Tuseme ekipe ya kartie moja iko na wachezaji 25. Watatu ni makipa, wanabaki 22. Katika hao 22, nane wote wanacheza kiungo cha kati, na beki wa kushoto ni mmoja tu. Siku huyo beki anapata karti nyekundu, wale viungo saba waliokaa kwenye banki hawasaidii kitu. Kocha atamtupa mmoja wao upande wa kushoto, na adui atapita huko dakika 90 nzima. Kwa hiyo ekipe ile ya watu 25, kwa upande wa kushoto, ni ekipe ya mtu mmoja.

Kuna jambo la pili. Jina la pili kwenye nafasi linahesabika kama mwenye jina hilo amekwisha kucheza mechi za kweli. Kijana ambaye tangu mwanzo wa sezoni hajapewa hata dakika 20, akiingizwa siku ya mechi ngumu, miguu itakuwa mizito. Hilo halina maana kwamba hajui mpira. Hajazoea tu mwendo wa mechi, wala namna wenzake wanavyokimbia na kupasiana.

Tena sheria imebadilika. Zamani kocha aliruhusiwa kubadilisha watu watatu. Mwaka 2020, wakati wa Covid, wakuu wa sheria za mpira waliruhusu watano, na mwaka 2022 wakaifanya kuwa sheria ya kudumu, kila ekipe ikiwa na nafasi tatu za kusimamisha mchezo, bila kuhesabu mapumziko. Maana yake, kwenye mechi moja watu 16 wanaweza kugusa mpira upande mmoja. Ekipe yenye banki nzuri inamaliza nusu saa ya mwisho na miguu mipya mitano. Yenye banki mbovu inabaki na watu waliochoka, na ndipo magoli ya dakika ya 80 yanapoingia.

Mazembe 2010: nyota hayupo, ekipe ipo

Mfano mkubwa kabisa wa kikosi kipana katika Kongo ni TP Mazembe ya 2010. Mwaka uliotangulia Mazembe ilikuwa imechukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na kapiteni wake Trésor Mputu alichaguliwa mchezaji bora wa 2009 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Kwa mashabiki wengi Mazembe ilikuwa Mputu.

Mwezi wa tano 2010, kwenye Kombe la Kagame kule Kigali, mechi na APR ya Rwanda iliishia kwa fujo dhidi ya mwamuzi. Mwezi wa nane FIFA ikamfungia Mputu miezi 12, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11. Mashindano ya Afrika yalikuwa bado katikati. Wengi walisema imekwisha.

Haikuisha. Kwenye fainali Mazembe iliifunga Espérance ya Tunisia 5-0 Lubumbashi, ikatoka sare ya 1-1 kule kwao, na kombe likabaki Kongo. Mwezi wa 12, kule Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la vilabu, iliitoa Pachuca ya Mexico 1-0 kwa goli la Bedi Mbenza. Kisha ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Ilifungwa na Inter ya Milano 3-0 kwenye fainali, lakini ilikuwa mara ya kwanza ekipe isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ile.

Angalia majina ya waliofunga: watatu tofauti, na nyota wa ekipe alikuwa nje na adhabu yake. Kocha Lamine N'Diaye hakulazimika kutafuta mtu mpya barabarani. Watu aliowahitaji walikuwa tayari ndani ya ekipe na walikuwa wanajua kazi. Ni kweli Mazembe ilikuwa na pesa ambazo ekipe nyingi za Kongo hazina. Lakini pesa ile ilifanya kazi kwa sababu iligawanywa kwenye nafasi nyingi. Haikumwagwa kwa mtu mmoja.

Mlango wa Dar es Salaam

Mfano wa upande mwingine ni AS Vita Club ya Kinshasa. Ekipe hii ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2014 na fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Mwaka 2020 Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe waliondoka kwenda Yanga ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 wakafuata Fiston Mayele, Djuma Shabani na Jesus Moloko, wote Yanga vilevile. Mwaka huo huo kocha Florent Ibenge akaenda Berkane, Morocco.

Hesabu ni rahisi: wachezaji watano wa ekipe moja, kwa miaka miwili, kwenda ekipe moja. Hakuna banki ya Kongo inayoweza kuziba mashimo matano namna hiyo, tena kwenye winga, kiungo, beki wa kulia na mshambuliaji wa kati. Upande wa pili wa ziwa hesabu iligeuka. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na Mayele akamaliza mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 7.

Kisha zamu ya Yanga ikafika. Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri mwaka huo wa 2023. Je, Yanga ilianguka? Hapana. Sezoni ya 2023-24 ilichukua ubingwa wa Tanzania tena, na mfungaji bora wa ligi akatoka humo humo ndani: Aziz Ki wa Burkina Faso, magoli 21, naye ni kiungo. Pembeni yake alikuwepo Maxi Nzengeli, aliyesajiliwa mwaka huo huo kutoka Maniema Union ya Kindu. Yaani shimo la Dar es Salaam lilizibwa kwa sehemu na mtu wa Kindu, na shimo likahamia Kindu.

Maniema Union na mechi sita

Maniema Union ni ekipe ya jimbo jirani, na watu wa Kivu wanaifuata kwa karibu. Sezoni ya 2024-25 iliingia kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikapangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja na FAR za Morocco. Mechi ya kwanza, mwezi wa 11, ilienda Pretoria na kurudi na sare ya 0-0. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mwishoni lakini ilimaliza ya mwisho katika kundi.

Kati ya siku ile ya Pretoria na siku ya mwisho ndipo swali la kikosi linapojibiwa. Kwa mechi moja, watu 11 wenye moyo na banki ndogo wanaweza kumshikilia tajiri. Mechi za kundi ni sita. Tatu ni za ugenini, na kwa Maniema hiyo ilikuwa ni kupanda ndege mara moja Afrika Kusini na mara mbili Morocco. Hata zile za nyumbani hazikuchezwa Kindu. Katikati kuna Linafoot, inayodai pointi zake. Adui anapumzisha watu wake sita na kuleta wengine sita wa kiwango kile kile. Ekipe inayorudia 11 wale wale inalipa deni hilo polepole.

Sezoni iliyofuata, 2025-26, Maniema ilikuwa tena kwenye makundi, safari hii ya Kombe la Shirikisho, pamoja na Wydad ya Casablanca, Azam ya Dar es Salaam na Nairobi United ya Kenya. Kurudi Afrika sezoni mbili mfululizo si jambo dogo, na kunaongeza hamu ya wanunuzi. Kila mchezaji anayeng'aa kwenye mechi hizo anaonekana na mawakala. Kwa hiyo ekipe kama Maniema, ili ibaki pale pale ilipo, inapaswa kulea mtu wa pili kabla wa kwanza hajauzwa.

Mashimo ya huku kwetu

Uvira iko chini zaidi kwenye ngazi hiyo. Ekipe ya hapa inaanzia kwenye antante ya mji, halafu inatafuta njia ya kupita LIFSKI, ligi ya Sud-Kivu, kabla ya kuota Linafoot. Hakuna mawakala wa Misri wanaokaa pembeni ya uwanja. Mashimo yapo lakini, na yanatoka kwenye maisha.

Mchezaji wa Uvira ni mwanafunzi, motari, mfanyakazi wa bandari Kalundu, ama mvuvi. Yule wa ndagala anaingia ziwani na taa usiku wa giza, na anapumzika mwezi unapowaka. Ukimpanga Jumapili baada ya usiku tatu za kazi, unapanga nusu ya mtu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapotea wakati wa mtihani wa Serikali. Wengine wanavuka Gatumba kutafuta ekipe Bujumbura. Mambo hayo yanajulikana kabla sezoni haijaanza, na komite inaweza kuyaandika kwenye kalenda.

Yasiyojulikana ni ya vita. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ilichukuliwa, mwezi wa pili Bukavu, na mwezi wa 12 mwaka huo huo vita ikafika Uvira yenyewe. Maelfu ya watu walikimbilia Burundi, na vijana wa mpira walikuwa kati yao. Barabara ya Bukavu kupitia bonde la Ruzizi, ambayo ekipe za huku zinaitegemea kwa mashindano ya jimbo, si ya kuhakikishiwa. Katika hali hiyo kikosi kipana hakihusu tu kushinda. Ekipe yenye mtu mmoja kwa kila nafasi inakufa siku watatu wanapohama. Ekipe iliyowapa mazoezi vijana wa miaka 17 wa kartie inaweza kuanza tena na wale waliobaki.

Maswali ya kuuliza komite

Shabiki anayetaka kujua kama ekipe yake itamaliza sezoni asiulize "mmesajili wangapi?" Aulize haya:

Kwa kila nafasi kati ya 11, jina la pili ni nani, na amecheza dakika ngapi mpaka leo? Kipa wa pili amekwisha kusimama golini kwenye mechi ya ushindani? Ni nani anayeweza kucheza nafasi mbili bila kuharibu? Kama mfungaji wa kwanza akiondoka kesho, magoli yatatoka kwa nani? Na swali ambalo watu wanaliona aibu: wale wa banki wanapata primu, hata kidogo, ama wanapewa maji tu na kuambiwa wangoje?

Hilo la mwisho lina uzito. Mtu wa banki asiyepewa dakika wala franka anaondoka mapema kuliko nyota, na kuondoka kwake hakutangazwi. Jina lake linabaki kwenye orodha. Kocha anakuja kugundua siku anapomhitaji, namba ya simu haipatikani, na mwamuzi amekwisha kupiga filimbi ya kuanza.