Nani Alipwe kwa Miguu ya Mwanafunzi wa Delta?

Kila mwaka, masika yanapoelekea ukingoni, walimu wa michezo katika kata tano za delta ya Rufiji, yaani Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, huanza kupiga hesabu ambazo wenzao wa Kibaha hawazijui. Maji yanajaa saa ngapi? Boti ya nani ina mashine nzima? Mafuta atanunua nani? Timu ya wilaya inachaguliwa Kibiti, na kutoka vijiji vingi vya delta hakuna barabara ya kufika huko. Kuna mito, vijito na mikoko tu. Wanafunzi hupanda boti maji yakiwa yamejaa, jezi zote zimo kwenye kiroba kimoja, wakashuka Nyamisati na kusubiri gari la kwenda Bungu, ndipo waikute barabara ya lami. Uwanjani, wawili hupokezana jozi moja ya daluga: anayetolewa anavua pembeni ya mstari, anayeingia anavaa zikiwa bado na jasho la mwenzake. Wengine hucheza peku.

Na mto haungoji ratiba ya mtu. Aprili 2024 Rufiji ilifurika ikafunika mashamba na makazi ya watu katika wilaya za Rufiji na Kibiti, katika miezi ile ile ambayo shule huandaa timu zao.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa inakaribia kumaliza ubishi uliodumu miongo mingi: je, mwanamichezo wa chuo alipwe? NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, ilishikilia kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi ni mchezaji wa ridhaa, na malipo yake ni ada ya masomo, malazi na chakula. Makocha walilipwa mamilioni, televisheni zikalipa mabilioni, mchezaji akabaki na ada. Juni 2021 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wote 9, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiwezi kuvibana vyuo visitoe mafao zaidi yanayohusiana na elimu. Mwezi uliofuata wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo. Kisha, tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken akaidhinisha maridhiano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa kuanzia hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka.

Watoto wa Afrika Mashariki walikuwemo ndani ya mfumo huo tangu zamani. Suleiman Nyambui alikimbia akiwa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akatwaa ubingwa wa vyuo mara kadhaa, na mwaka 1980 akailetea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Chuo kilijaza ukumbi na kuonekana kwenye televisheni kwa sababu ya urefu wake chini ya kikapu, naye akasubiri hadi Juni 2009, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, ndipo akaanza kulipwa. Edward Cheserek wa Kenya alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, akahitimu 2017, miaka minne kabla mlango wa fedha haujafunguliwa. Hata leo mwanafunzi kutoka Kenya au Tanzania anayeishi Marekani kwa viza ya masomo hubanwa na masharti ya uhamiaji asichukue matangazo ambayo mwenzake wa hapo hapo chuoni anayachukua kila wiki.

Je, hoja ya Wamarekani inaweza kupandishwa boti ikafika Salale? Kwa sehemu tu, na sehemu inayogoma ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Huko mchezaji anadai fungu katika fedha ambayo tayari imo mfukoni mwa chuo. Huku fedha hiyo haipo. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa bila mtu kununua tiketi. Mtwara iliyapokea mashindano ya taifa 2021, Tabora 2022, na kote huko gharama zilibebwa zaidi na serikali na halmashauri. Chini kabisa ya ngazi hiyo kuna ruzuku. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule ya msingi hutengewa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Shule ya wanafunzi 200, na delta ina shule ndogo nyingi, haifikishi milioni 2 mkononi kwa chaki, ukarabati, mitihani na mpira wa mwaka mzima. Boti ya kukodi kwenda na kurudi mara moja inalitafuna fungu hilo vibaya.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha 14 inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kumpa mwanafunzi wa darasa la saba mshahara wa kucheza mpira ni kumgeuza mfanyakazi, pamoja na bosi, masharti na hofu ya kufukuzwa. Hilo lisikubaliwe, hata kwa nia njema.

Lakini asidanganywe mtu kwamba miguu hiyo haina bei. Kila mwaka viongozi wa elimu hukemea mamluki, vijana wasio wanafunzi wanaoingizwa kwenye timu za shule kwa majina ya wengine, na hakuna anayeingiza mamluki mahali pasipo na cha kugombea. Kwenye ndondo za mitaani, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejua kufunga hupewa nauli, na wakati mwingine bahasha. Shule binafsi nazo hutembelea mashindano na kuondoka na mtoto kwa ahadi ya kumsomesha bure. Kwa mzazi mvuvi wa kamba, ahadi hiyo ni kubwa, na wengi huikubali siku hiyo hiyo. Shule iliyomfundisha mtoto kupiga pasi hubaki na nafasi tupu kwenye mstari wa kati.

Kuna hata mwaka ambao wanafunzi wa Tanzania walizalisha fedha halisi. Aprili 2023, huko Durban, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa kwanza wa soka la shule za Afrika, mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 300,000. Fedha hiyo ilikusudiwa iende shuleni, kwa majengo na vifaa, na kwa watoto wa umri ule uamuzi huo una mantiki. Ila unaacha swali ambalo waandaaji wanapaswa kulijibu kwa maandishi kabla ya filimbi ya kwanza: msichana aliyefunga mabao anabaki na nini akimaliza kidato cha nne? Akiba ya masomo iliyofungwa kwa jina lake hadi atimize miaka 18 ingekuwa jibu la heshima, na isingemgeuza mtu yeyote mwajiriwa.

Thamani ya mchezaji wa shule, kwa kawaida, huonekana baadaye na mbali. Hapo soka lina kanuni ambayo delta haijawahi kuifaidi.

FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa kati ya 12 na 15 una haki ya asilimia 0.25 ya ada yote; kila mwaka wa umri wa kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mfano uko kwenye barabara ile ile ya Kilwa inayokwenda Kibiti. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akapitia African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 Aston Villa walimnunua kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 8.5 hivi. Kwa ada hiyo, mwaka mmoja wa kumlea akiwa na miaka 12 hadi 15 una thamani ya pauni 21,250, karibu shilingi milioni 63 kwa kiwango cha wakati ule. Miaka yote minne ya umri huo ni pauni 85,000. Zidisha ruzuku ya shule ndogo ya delta zaidi ya mara mia moja ndipo uzifikie.

Mbali na hiyo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposajiliwa nje kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, na anapohama nchi hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Klabu ya Ulaya, hata ikiwa kubwa kiasi gani, hukadiriwa euro 10,000 kwa kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15. Fidia hii, na inasikitisha kuiandika, haihusu soka la wanawake. Serengeti Girls, timu ya wasichana ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, lakini mmoja wao akisajiliwa Ulaya kesho, waliomlea watabaki na fungu la uhamisho peke yake, tena kama klabu yake imelipwa ada. Mcheza netiboli, mchezo ambao shule za delta huucheza sana, hana hata hilo.

Sharti ni moja: anayelipwa ni klabu iliyosajiliwa, na mchezaji awe amesajiliwa humo kwa kipindi husika. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo chake cha malipo jijini Paris: FIFA hukusanya kumbukumbu za usajili kutoka mashirikisho ya nchi na kutengeneza pasi ya kielektroniki ya mchezaji, kisha kituo hugawa fedha kwa kufuata pasi hiyo. Mwalimu aliyemfundisha kijana miaka minne kwenye uwanja unaoingia maji ya bamvua hayumo. Kombe la UMITASHUMTA halimo. Kijana akisajiliwa kwa mara ya kwanza na timu ya Dar es Salaam akiwa na miaka 16, historia yake inaanzia hapo, na ile asilimia 1 ya utoto wake haina wa kuidai kutoka Kibiti.

Wenye shule za binafsi waliliona hilo mapema. Alliance ya Mwanza ilianza kama shule, ikaunda klabu, na klabu hiyo ikacheza Ligi Kuu kuanzia 2018 hadi 2020. Fountain Gate nayo ina shule na klabu chini ya jina moja. Shule ya serikali haiwezi kujigeuza kampuni ya mpira, lakini kata inaweza kuwa na klabu. Kamati ya watu wa Salale au Mbuchi, yenye katiba iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na uanachama kupitia chama cha wilaya na COREFA, chama cha soka cha mkoa wa Pwani, inatosha kuwaingiza watoto wa miaka 12 kwenye mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la soka la nchi. Mwalimu atafundisha vile vile, uwanja utakuwa ule ule. Kitakachobadilika ni kwamba jina la kijiji litamfuata mtoto popote aendapo.

Wapo watakaohofia kwamba klabu za namna hiyo zitafungua njia kwa madalali. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mtoto wa delta ni rahisi kulaghaiwa akiwa mbali na kwao. Lakini dalali hustawi zaidi pasipo na karatasi. Mchezaji aliyesajiliwa ana pa kudaiwa na pa kutetewa: chini ya kanuni za FIFA, kwa kawaida haruhusiwi kuhamia nje ya nchi kabla ya miaka 18, na mkataba wa kulipwa wa aliye chini ya umri huo hauzidi miaka mitatu.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu mambo ni mepesi zaidi. Ni watu wazima, na Tanzania haijawahi kuwa na marufuku kama ya NCAA. Mwanachuo anayecheza ligi husaini mkataba na kulipwa kama wenzake. Chuo kinachotumia sura yake kwenye mabango ya kutafuta wanafunzi wapya kimlipe, au kimfutie ada.

Walio chini ya miaka 18 wanadai deni lao la leo, lisilosubiri uhamisho wowote. Halmashauri inayomwita mtoto avuke maji kwa jina la wilaya ilipe boti, maboya, chakula na matibabu. Toto Afya Kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa ikitolewa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Kikosi cha watoto 18 kingekatiwa bima kwa chini ya shilingi milioni 1, na mtoto akivunjika mguu kwenye kijiji chenye zahanati tu, ambako hata boti ya kumtoa husubiri maji yajae, baba yake asingelazimika kuuza nyavu.

Kazi ya kuanza nayo ni cheti cha kuzaliwa. Mfumo wa usajili unamtaka mchezaji mwenye tarehe ya kuzaliwa inayothibitika, na familia nyingi za delta huhesabu umri kwa kumbukumbu ya mama. Ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, iko wilayani, ng'ambo ya maji, hivyo safari ya kwanza ya klabu ya kata huenda isiwe ya kucheza mechi bali ya kupeleka fomu za darasa la tano na la sita, kabla watoto hao hawajafika umri ambao miaka yao ya malezi inaanza kuhesabiwa.