Kabla ya Kutuma Hela

Ni nani hapa Magomeni, Kilosa, asiyepata kuletewa ujumbe huu kwa simu: "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Mwizi hamjui mtu. Hutuma kwa wengi, kwani hakosi mmoja aliyekuwa tayari kupeleka karo. Huyo hutuma upesi, na mahindi ya mwaka mzima yamekwenda.

Namna akili inavyonaswa hivyo ni kazi ya saikolojia, ambayo vijana wetu huisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba neno likirudiwarudiwa huaminiwa zaidi, hata likiwa la uwongo. Lakini elimu kubwa peke yake si kinga. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2019, wanafunzi na hata mabingwa wa historia walipewa kurasa za intaneti wazipime. Mara nyingi walidanganywa na sura nzuri ya ukurasa. Wakaguzi wa habari hawakukaa hapo; waliuacha upesi, wakatafuta wengine wasemavyo juu ya mwenyewe.

Ustadi huo wafundishwe mapema wanafunzi wa saikolojia, maana kesho mtu mwenye wasiwasi atawajia na dawa aliyoisoma kwenye simu. (Mimi karani, mwenye cheti cha ualimu, nilikwisha wasambazia wanakwaya tangazo la kazi lisilo la kweli. Waliponiuliza nimelitoa wapi, sikuwa na jibu.)

Nyumbani njia ni hiyo hiyo: uache ujumbe, umpigie mwanao kwa namba yake ya siku zote, uisikie sauti yake.