Kilo Zimegoma Kushuka: La Kufanya Ukikwama Katikati

Mkazi anayeanza kupunguza uzito, pengine kwa kuambiwa na daktari kwamba presha au sukari imepanda, mara nyingi huanza vizuri. Mwezi wa kwanza kilo tatu au nne huondoka, nguo hulegea, na moyo hupata nguvu. Halafu, mwezi wa nne au wa sita hivi, mizani husimama. Wiki ya kwanza anasema ni bahati mbaya. Wiki ya tatu anaacha kujipima. Wiki ya sita mahamri yamerudi mezani kila asubuhi, na kilo zinaanza kurudi pia.

Ni vyema kujua kwa nini mizani husimama, kwa sababu wengi hujilaumu bure.

Kilo za mwanzo si mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hubeba takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali, chapati na sukari, akiba hutumika na maji hutoka nayo. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya mafuta yenyewe, nayo huenda polepole.

Isitoshe, mwili mwepesi hutumia nishati kidogo. Tuchukue mfano wa mama aliyeanza na kilo 92 na sasa ana 84, lengo lake likiwa 75. Akipanda kutoka feri ya Likoni hadi mjini kwa miguu, habebi tena zile kilo nane, ambazo ni karibu sawa na ndoo ndogo ya maji. Safari ni ileile lakini mwili unachoma kidogo kuliko zamani. Chakula kilichokuwa kikimpunguza mwezi wa pili sasa kinamtosha tu kubaki alipo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walikadiria kwamba kwa kila kilo inayopungua, mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kalori 100 hivi. Kwa hivyo ile njaa ya mwezi wa sita si uvivu wala ulafi. Ni mwili unaodai kilichopotea.

Sasa tuangalie alichopata mama huyu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 92 ni kilo sita na nusu. Mama huyu ameshapita hapo! Anajiona ameshindwa kwa sababu ya namba 75 aliyojiwekea, ilhali faida kubwa ya kiafya anaishikilia mkononi. Kubaki na kilo 84 kwa miezi miwili au mitatu bila kurudi nyuma ni kazi, na ihesabiwe hivyo. Baadaye ajiwekee lengo dogo, kilo mbili tu.

Kabla ya kupunguza sahani zaidi, chunguza vitu vidogo vilivyorudi kimyakimya. Andika kila unachotia kinywani kwa siku saba, hata cha kuonja jikoni. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidishe takriban vijiko sita kwa siku, ukijumlisha na soda na juisi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na viazi karai hunywa mafuta kuliko unavyodhani. Mbaazi ni chakula kizuri sana. Tatizo ni tui zito na mahamri manne pembeni.

Upande wa mazoezi, kama umekuwa ukitembea Mama Ngina asubuhi kwa mwendo uleule tangu mwanzo, ongeza kasi au ongeza siku. Tia pia kazi ya misuli mara mbili kwa wiki: kuinuka na kuketi kitini mara kumi na tano, au kuinua vibuyu viwili vya maji. Misuli isipotumika hupotea pamoja na mafuta.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, juu ya sakafu ngumu wala si zulia. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji na chumvi tu, na kwa wanawake siku za hedhi huongeza. Pima na kiuno. Wanawake wanashauriwa wasizidi sentimita 80 na wanaume 94. Kuna wakati mizani hukaa kimya na mkanda unaingia tundu jingine.

Kuna jambo ambalo halisemwi kliniki: maneno ya watu. Hapa kwetu ukikonda unaulizwa kama unaumwa, na wengine huuliza kwa sauti ya chini kabisa. Wako walioacha kwa sababu hiyo tu. Mweleze mapema mtu mmoja au wawili nyumbani kwamba unapunguza kwa sababu ya presha, na mpishi wa nyumba awe mmoja wao. Waliosalia watazoea.

Usikimbilie chai za kupunguza tumbo. Nyingi huharisha tu. Unachopoteza ni maji.

Ikiwa umefanya haya yote kwa miezi miwili bila mabadiliko, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Baadhi ya dawa, kama insulini, steroidi na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, zinaweza kuongeza uzito, na tezi ya shingo ikilegea hufanya vivyo hivyo. Usiache dawa yoyote kabla ya kuzungumza na mhudumu. Na ikiwa unatumia dawa za kisukari na umepungua kilo kadhaa, wahi zaidi: dozi ya zamani inaweza kuishusha sukari mno. Kutetemeka, jasho jingi na kizunguzungu ni dalili zake. Kunywa kitu chenye sukari papo hapo, kisha nenda ukapimwe.

Asiyeweza kufika kituoni amwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Mikoba waliyoanza kupewa mwaka 2023 ina mizani, kipimo cha presha na cha sukari.