Namba kwa Mtu Asiyejua Mji

Mtu asiyejua neno hata moja la Kijapani akishuka Tokyo asubuhi, jioni atakuwa ameshaona hekalu la Asakusa na bustani ya Ueno, na amerudi alikofikia bila kumsumbua mtu. Mtu wa Fizi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, akishuka Uvira kumtafuta ndugu aliyehamia huko mwaka jana, jioni huenda bado anauliza, naye lugha anaijua na nauli anaijua. Ulinganisho huu unaudhi, hasa kwa sababu ungepaswa kuwa kinyume. Tokyo ni msitu wa reli: kituo chake kimoja tu, Shinjuku, hupitisha mamilioni ya abiria kwa siku. Uvira ni kamba iliyonyooshwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba, Kavimvira kaskazini, Kalundu kusini, na barabara moja kubwa, ile ya Taifa namba 5, inayoendelea hadi Makobola na kuingia Fizi. Jua linachomoza upande wa ziwa, linazama upande wa mlima. Mahali pepesi namna hiyo pangemwongoza hata mtoto.

Jibu la haraka ni kwamba Wajapani wana fedha. Fedha wanazo, ila sizo zinazomwonyesha mgeni njia. Sehemu kubwa ya mitaa ya Tokyo haina majina kabisa. Anwani ya Kijapani hutaja eneo, kisha sehemu ya eneo, kisha namba ya kitalu, na mwisho namba ya nyumba. Na kwa desturi ya zamani namba ya nyumba ilifuata ipi ilitangulia kujengwa, hivyo nyumba ya 3 inaweza kupakana na ya 11. Mjapani wa mkoa mwingine naye hupotea humo. Ndiyo maana vibanda vidogo vya polisi viitwavyo koban, vilivyotapakaa mijini, huwa na ramani ya mtaa, na kuelekeza watu ni kazi ya kila siku ya askari wake. Kumbe Tokyo inaanzia palepale inapoanzia Uvira: mji ambao mwenyeji ameubeba kichwani. Njia zao na zetu ziliachana pale walipokubali kwamba mgeni hana kichwa cha mwenyeji, wakaamua kumwandikia.

Mwaka 2004 njia za reli za chini ya ardhi za Tokyo zilipewa herufi, na kila kituo namba yake. Njia ya Ginza, iliyofunguliwa mwaka 1927 na kutangulia nyingine zote, ikawa G, rangi ya machungwa. Ueno ni G16, Asakusa ni G19. Mgeni hahitaji kutamka jina wala kusoma maandishi yao. Akitoka G16 kwenda G19 anahesabu vidole vitatu, na akiona kituo kinachofuata ni G15 anajua amepanda upande usio wake, anashuka, anageuza. Fikra yenyewe ni ya zamani zaidi. Kwa Michezo ya Olimpiki ya 1964, wachoraji wa Tokyo walijua kwamba wageni hawatasoma Kijapani na kwamba vibao havitabeba lugha zote za dunia, wakachora picha za kila mchezo na kila huduma, hadi mlango wa choo. Miaka mitatu baadaye, mjini Okayama, Seiichi Miyake akaweka njiani matofali yenye vinundu ili kipofu ajue kwa nyayo zake kwamba amekaribia barabara. Katika mifano yote hii aliyefikiriwa kwanza ni yule anayejua kidogo kuliko wote, na mwenye kujua hakupunguziwa kitu.

Watu wa kwetu watasema: sisi tuna midomo. Kuuliza si ujinga, na anayeuliza njia Uvira mara nyingi husindikizwa mpaka mlangoni, jambo ambalo mashine ya tiketi haiwezi. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini mdomo una udhaifu wake, na ufuko huu una ushahidi wa zamani. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji wakitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kabla ya hapo Speke alikuwa ameambiwa na mfanyabiashara Mwarabu kwamba unatoka. Huko Uvira, wana wa mtawala wa hapo wakawaambia unaingia. Wageni hawakufika penye mto wenyewe, wakaondoka na maneno yanayogongana, na ubishi ukaendelea Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi wakayaona maji yakiingia. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Ila kweli yao ilikaa midomoni, na mgeni hakuwa na mizani ya kuupima mdomo huu dhidi ya ule. Leo mambo hayajabadilika sana. Mgeni huelekezwa kwa duka la fulani, kwa mwembe, kwa nyumba ya bati jekundu. Na mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ukabomoa nyumba kwa nyumba, maelekezo yaliyotegemea nyumba hizo yalikwenda na maji. Na kuna lile ambalo adabu hutuzuia kulitaja: anayeuliza hujitambulisha kuwa mgeni, na nauli ya pikipiki hupanda mara tu lafudhi yake inaposikika.

Gharama basi ni ipi? Ufuko mzima, kutoka mpaka wa Burundi pale Kavimvira hadi Makobola, ni njia moja tu, ambayo mpangaji wa Tokyo angeionea wivu. Vituo vyake vinajulikana na kila dereva. Kinachohitajika ni rangi, mbao na namba. Mama ambaye hakusoma shule huzisoma namba kila siku kwenye simu yake anapopokea fedha na kwenye noti za faranga sokoni, kwa hiyo asidhaniwe kuwa ndiye kikwazo. Nairobi, jiji lenye vurugu za matatu zinazojulikana, lilipata ramani ya njia zake mwaka 2014 baada ya watafiti kupanda magari hayo na simu mkononi wakirekodi yanakopita. Hakuna reli iliyojengwa, kilichokuwa vichwani mwa madereva kilihamishiwa karatasini. Kigali nayo imezipa barabara zake herufi na namba.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Mahali palipopita vita vingi, kumwandikia kila mtu njia ni kumwandikia na adui. Hofu hii si ya kudharauliwa; Waingereza wenyewe waling'oa vibao vya barabarani mwaka 1940 wakihofia Wajerumani kuvamia. Lakini walivirudisha. Na jeshi linalokuja huja na ramani zake na watu wake wa kuliongoza. Anayekosa kibao ni mgonjwa, mkimbizi anayerejea, mwanafunzi aliyetoka mji wa Baraka.

Makobola ina sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, raia waliuawa Makobola II na vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 800. Watu wa hapo wanawakumbuka kila mwaka, lakini abiria wa kutoka mbali anapita pale akiangalia ziwa. Wapo wanaoona ni bora hivyo, kwamba msiba si mahali pa kutembezea wageni. Hiroshima ilibishana hivyohivyo. Jumba lililobaki magofu baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945, bomu ambalo urani yake kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga kwetu, wengine walitaka libomolewe kwa sababu kulitazama kuliwaumiza. Mwaka 1966 baraza la mji liliamua libaki. Leo tramu inasimama mbele yake, na kituo kina namba. Mgeni anashuka na watu wanaokwenda kazini na wanafunzi wenye mabegi, bila kiongozi wa kumlipa, na anakuta maelezo yamemngoja. Namba ile haikuwashushia heshima wafu.

Kama siku moja vituo vya ufuko vitahesabiwa, ubishi wa kwanza utakuwa wa mwanzo: namba 1 ianzie mpakani Kavimvira, anakoingilia mgeni wa Bujumbura, au bandarini Kalundu, anakoshukia mgeni wa Kigoma na Kalemie? Watu wa Makobola watakuwa na neno lao pia, kwa sababu ikianzia kaskazini wao ndio watakaopata namba ya mwisho, na yule wa Fizi atakayetoka kusini atakutana na namba hiyo kabla ya nyingine zote.